Tiki Ishirini na Tatu

Jumamosi, 3 Mei 2025

Kiberenge cha reli kutoka Kilosa kimefika saa nne badala ya saa tatu. Abiria kumi na tisa. Magunia ya maharage, kuku wawili na mwenye kuku mbishi kuliko kuku wenyewe. Mvua hakuna. Mto bado umejaa, rangi ya chai ya maziwa.

Kibwana amekuja tena. Jumamosi ya tatu hii! Kofia yake ileile ya kushonwa kwa mkono, picha ya mdogo wake ileile kwenye simu. Anashuka kwenye kiberenge, anakuja moja kwa moja dirishani kwangu. Shikamoo Mama Upendo. Marahaba, baba. Halafu swali. Mama, una hakika mdogo wangu Mwinshehe alivuka?

Na mimi nageuza kitabu nimwonyeshe. Tarehe 12 Aprili, namba kumi na sita: Mwinshehe, wa Kimamba, anakwenda Mikumi. Mbele yake tiki. Wino wa bluu, mkia mrefu. Mkono wangu kabisa.

Akasema basi yuko huko huko. Akanishukuru. Mimi! Akashuka ngazi kwenda kwenye pantoni, akazunguke tena gesti za Mikumi kuulizia.

Nikaandika jina lake. Tiki sikuweka. Nilisimama dirishani mpaka nikamwona kwa macho yangu anakanyaga udongo wa ng'ambo, ndipo nikaweka. Wiki tatu sasa nafanya hivyo kwa kila mtu. Karani hodari kweli kweli, baada ya kazi kuharibika.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda kusali. Nimekaa barazani kwenye kota yangu nikimenya mihogo, mgongo nimeupa mto.

Haya mambo sijawahi kuyaandika. Acha niyaandike leo, nione kama yanaandikika.

Tangu mafuriko ya mwaka jana yalipobeba daraja, reli inaishia hapa ukingoni. Kistesheni chetu hiki kilikuwa cha kupita tu, mtu hata hakiangalii. Sasa ndiyo mwisho wa safari. Jumanne na Jumamosi kiberenge kinaleta watu, wanashuka ngazi mpaka kwenye pantoni, Fortunatus anawavusha kwa kuvuta kebo, na ng'ambo kuna magari ya Noah na bodaboda za Mikumi. Sheria ni moja na ni nyepesi. Mtu akifika dirishani, andika jina. Akikanyaga ng'ambo, weka tiki. Marehemu baba alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, angenichapa kwa kuona nilivyoigeuza.

Maana niliigeuza. Jumamosi foleni ni ndefu, watu wananipigia kelele, mvua inaingia dirishani inalowesha kitabu. Nikawa naandika jina na tiki hapo hapo, pumzi moja, nafunga kitabu, nachemsha chai. Mwaka mzima! Hakuna aliyekufa. Nilikuwa najiona mjanja.

Tarehe 12 Aprili ilinyesha tangu alfajiri. Watu ishirini na watatu. Tiki ishirini na tatu, na pantoni hata haijafunguliwa. Katikati ya mto kebo ikachomoka upande mmoja, pantoni ikazunguka, watu wakaenda majini. Fortunatus aliruka. Aliwatoa watatu. Akapiga kelele kuuliza kama kuna mwingine, na wale wa pantoni wakasema hakuna, wote wapo. Nani angehesabu kwenye mvua ile? Walipofika ng'ambo kila mtu alikimbilia gari lake.

Jumanne yake akaja Elikana, msimamizi wetu. Akahesabu kitabuni. Majina ishirini na matatu, tiki ishirini na tatu. Akasema safi. Akala mahindi ya kuchoma, akaondoka.

Nilimwona Mwinshehe akishuka ngazi. Basi. Hapo ndipo ninapoishia. Baada ya hapo nilikuwa napuliza jiko.

Jumanne, 6 Mei

Saa tisa mchana. Kiberenge kimesharudi Kilosa, pantoni imefungwa, Fortunatus anakula ugali wake chini ya kibanda. Jua kali. Nikasikia ng'ambo mtu anaita.

Pantoniii!

Vilevile wanavyoita wote, wanavuta mwishoni. Nikatoka. Ng'ambo pako wazi, mchanga na matete tu. Hapa kwetu mtu akiita lazima apunge kitu: kanga, shati, hata mfuko wa rambo. Anayeita bila kupunga hafuatwi. Wazee wa reli wanasema wameikuta hivyo tangu enzi za mitumbwi, na watu wa mtoni wanasema hivyo hivyo, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Ikaita tena. Fortunatus akasimama, ugali mkononi. Nilimtazama kuona kama na yeye amesikia. Amesikia! Nikamwambia hajapunga, usiende. Yeye akasema labda mgonjwa, labda hana mkono wa kupungia. Akaenda.

Alikaa kule kama robo saa. Nilimwona akitembea ukingoni, juu na chini. Aliporudi alinawa miguu muda mrefu sana. Nikamuuliza. Akasema hakuna mtu, Mama Upendo. Hata nyayo.

Kisha akasema kila alipougeuzia mto mgongo, sauti ilikuwa inatoka mgongoni kwake, kule majini.

Nimeogopa. Niandike hivyo hivyo, nimeogopa.

Jumatano, 7 Mei

Upendo kapiga simu kutoka chuoni Morogoro. Mama mbona sauti imekauka. Nikamwambia vumbi. Mvua yote hii, vumbi!

Alicheka. Nikatamani nimwambie, nikashindwa. Mwaka mmoja tu amebakiza. Nikifukuzwa hapa tutakula nini, na nani ataajiri karani wa miaka hamsini na sita aliyemvusha mtu kwa kalamu?

Ndiyo hivyo. Woga wangu nimeshauandika, sasa nao una tarehe.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika polepole.

Abiria walikuwa kumi na saba. Nimewaandika mmoja mmoja, nimewatazama usoni. Kibwana alikuwa wa tatu. Leo hakuuliza swali. Aliniambia habari nyingine, na afadhali angeuliza.

Amesema wazee wa ukoo watakaa Jumapili ijayo, tarehe 18, kule Kimamba. Kwa kuwa mdogo wake alivuka, na simu haipatikani, na mwezi unapita, basi ni wazi ametoroka. Na mtu hatoroki nyumbani bure. Wanasema mkewe, Mwanne, alimsimanga siku ile ya safari, majirani walisikia. Kwa hiyo atarudishwa kwao Malolo. Watoto wawili watabaki kwa bibi yao. Mdogo bado ananyonya.

Nikauliza, na kama amefariki? Sijui nilipata wapi ujasiri. Kibwana akanitazama kama nimemtukana. Akasema hata Mwanne alikwenda kwa shehe kuomba akae eda. Shehe akamwambia eda ya nani, binti yangu? Mtu wako yuko kwenye kitabu cha stesheni, amevuka salama.

Kitabu changu! Shehe wa watu anatoa hukumu kwa tiki yangu.

Pantoni ikaondoka. Ikafika. Fortunatus akapiga kelele kutoka ng'ambo, kama tunavyofanya sasa: kumi na saba! Nikaanza kuweka tiki, moja moja, huku namtazama kila mtu akishuka. Wote wakashuka. Nikaweka tiki kumi na saba.

Kikabaki kijina kimoja.

Namba kumi na nane. Mwinshehe, wa Kimamba, anakwenda Mikumi. Mwandiko wangu. Wino wangu, hata haujakauka vizuri, niliupitishia kidole ukachafuka. Sikumbuki kuandika. Naapa sikumbuki. Dirishani hakuja mtu wa kumi na nane.

Au alikuja?

Kwenye benchi la kusubiria, pale mwisho karibu na mlango, mbao zimelowa. Umbo la mtu aliyekaa. Leo haijanyesha hata tone.

Nimepangusa na gunia. Halafu nimekaa chini sakafuni nikalia.

Jumapili, 11 Mei

Kuna jambo nimelificha hata humu. Ujinga ulioje, kujificha kwenye daftari langu mwenyewe!

Baiskeli.

Siku ile ya tarehe 12 Fortunatus alikataa baiskeli, pantoni ilikuwa imejaa. Mwinshehe akaja kuiacha kwenye stoo ya vifurushi. Akaniambia Mama nitunzie, nairudia Jumanne, naenda mara moja tu kuangalia kibarua. Baiskeli nzuri, Phoenix, kiti kimeshonewa kitambaa chekundu chenye marinda. Alikuwa anaifuta maji kwa shati lake, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Nikamwambia utaugua, uje kuendesha mafua badala ya baiskeli. Akacheka sana.

Mtu wa Kimamba anatoroka anaacha baiskeli? Kule baiskeli ndiyo miguu. Nilijua tangu Jumanne ile aliposhindwa kuirudia. Sikukisia, nilijua. Nikaifunika kwa turubai, nikapanga makreti ya soda mbele yake.

Elikana hajui. Fortunatus hajui kama bado ipo. Kibwana anapita mita tano kutoka kwenye baiskeli ya mdogo wake kila Jumamosi, na mimi namwambia safari njema.

Rozari nimeianza mara nne. Nafika katikati, najikuta nahesabu mpaka ishirini na tatu.

Jumanne, 13 Mei

Siku ndefu. Chai sijanywa.

Elikana kaja na kiberenge, ukaguzi wa mwezi. Kiatu chake kinang'aa, sijui anapitia wapi. Akafungua kitabu, Jumamosi iliyopita, akaona namba kumi na nane haina tiki. Akauliza nani huyu hajavuka? Nikasema hakuna mtu, nimekosea kuandika. Akasema basi weka tiki, tusije tukapata maswali kutoka juu.

Nikashika kalamu. Mkono haukwenda. Kweli ulikataa, kama mkono wa mtu mwingine. Nikamwambia Elikana, huyo hakuvuka. Akacheka, akasema Mama Upendo umechoka, omba likizo. Akachukua kalamu mkononi mwangu akaweka tiki mwenyewe.

Mara ya pili mtu huyu anavushwa kwa kalamu.

Nilitaka kusema hapo hapo. Mdomo ulifunguka. Lakini alikuwa ameshageuka, anamwita Fortunatus amwonyeshe kebo mpya.

Na huku nyuma mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Kijana kabisa, hajafika thelathini. Shikamoo Mama. Marahaba, mwanangu. Akasema yeye ni Mwanne, mke wa Mwinshehe. Havuki leo, amekuja kuuona tu mto. Hajawahi kufika.

Nikamwonyesha mto. Ningefanya nini? Alisimama juu ya ngazi, akautazama muda mrefu. Mtoto akaanza kulia. Akaniomba mahali penye kivuli amnyonyeshe, na kabla sijafikiri nikamwambia ingia hapo stoo.

Hapo stoo! Mimi mwenyewe na mdomo wangu!

Nilipomfuata alikuwa amekaa juu ya kreti, mtoto ananyonya. Turubai lilikuwa limeteleza. Kiti chekundu kilikuwa nje. Aliweka kiganja juu ya marinda yale, anayanyoosha moja moja, taratibu, kama anavyofanya mtu kwa nguo aliyoishona mwenyewe.

Akaniuliza, hii ya nani, Mama?

Nikamjibu, ya mtu.

Akasema haya.

Alimaliza kunyonyesha, akafunga mbeleko, akapanda kiberenge kurudi. Kiberenge kilipoondoka alikuwa ananitazama, na hakuwa na hasira. Hasira ningeiweza.

Alhamisi, 15 Mei

Imeita tena. Mchana kweupe. Mara saba nimehesabu.

Fortunatus amekataa kwenda. Amekaa ameziba masikio kwa viganja, mtu mzima na ndevu zake. Halafu akaniuliza, Mama Upendo, siku ile walianguka wangapi? Nikasema uliwatoa watatu. Akasema sikuulizi niliowatoa.

Nikaingia ndani nikafunga dirisha.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefua sare. Nimepiga pasi. Kama naenda kuolewa.

Nimeandika barua kwa Elikana, nikaichana. Nimeandika nyingine, nikaichana. Barua nazo ni zilezile: ni kuandika mambo ili nisiyafanye. Nitasema kwa mdomo. Kesho, Kibwana akija dirishani tu, kabla ya shikamoo. Hapana, baada ya shikamoo, adabu ni adabu.

Nitaanzia wapi? Nianze na baiskeli. Hapana. Nianze na tiki.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne na nusu. Naandika hapa hapa dirishani.

Wamekuja wote wawili. Kibwana mbele, Mwanne nyuma na mtoto. Shikamoo Mama. Marahaba. Kibwana akasema wazee wamemtaka aende na Mwanne mara ya mwisho, wamuulizie pamoja Mikumi, ili kesho kikaoni pasiwe na wa kusema hakutafutwa. Nilifungua mdomo. Nikasema baba Kibwana… Akasema samahani Mama, nikawahi nafasi ya kukaa, huyu ana mtoto. Akashuka ngazi mbio.

Niliona kofia yake ikishuka, ikishuka. Nikashukuru Mungu kwamba ameondoka. Hivyo ndivyo nilivyo!

Mwanne akabaki. Akasema niandike, Mama.

Nikaandika. Mwanne, wa Kimamba, anakwenda Mikumi. Kalamu ikasimama mbele ya jina lake, mahali pa tiki. Akaiangalia. Akaniuliza polepole, huwa unaweka lini hiyo?

Nikasema mtu akishakanyaga ng'ambo.

Akauliza, na ya Mwinshehe uliiweka lini?

Nikamwambia. Nimemwambia! Nimesema niliiweka hapo hapo, amesimama ulipo wewe. Sikumwona akivuka. Nilimwona akishuka ngazi, na walianguka majini, na hakuna aliyehesabu. Baiskeli ni yake. Aliniambia anairudia Jumanne. Nimekaa nayo mwezi mzima.

Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige. Alishika kingo ya dirisha kwa mikono miwili na macho yakajaa, ila hayakumwagika. Akasema alikuwa anakuja kuirudia, eh? Nikasema ndiyo, mwanangu. Jumanne. Akasema nilimsimanga siku ile, nikamwambia asirudi bila kibarua. Alikuwa anarudi tu?

Nikasema alikuwa anarudi. Alicheka sana alipokuwa anaiacha.

Hapo ndipo alipolia. Alilia bila sauti, mtoto mgongoni anacheza na hereni yake.

Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akauliza, ilikuwa tarehe kumi na mbili? Kumi na mbili Aprili, nikasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inakwenda. Mwezi mmoja na siku tano. Akasema, mwezi mzima mume wangu hana wa kumkalia eda. Akaivuta kanga mpaka juu ya kichwa, akaifunga chini ya kidevu, akaenda kukaa kwenye benchi. Pale mwisho, karibu na mlango. Palikuwa pakavu.

Pantoni haijaondoka. Fortunatus anapiga kelele, Mama Upendo bado mmoja! Watu wananung'unika. Nimemwonyesha kwa mkono asubiri. Nimeingia ndani nikachukua daftari hili ili niyaweke kabla ulimi haujanirudi nyuma, na nimeandika haraka, na sasa namwona Kibwana ameshuka kwenye pantoni. Anapanda ngazi kuja kuona kuna nini. Yuko nusu ya ngazi. Amesimama kupumua. Anapanda tena.

Mwanne amesimama. Amekuja mpaka mlangoni kwangu. Ananiambia, Mama Upendo, weka kalamu chini. Mwambie na yeye.

Namalizia mstari huu tu. Ananiambia, Mama, weka